Daftari la Vipimo

Uongo una sura nyingi duniani, na ulio mwepesi kuliko wote ni uongo wa tarakimu. Uongo wa ulimi huhitaji uso mkavu na kumbukumbu njema, lakini uongo wa tarakimu hauhitaji kitu ila kalamu. Mtu huandika hesabu mahali ambapo hakupima, na hesabu hiyo hukaa kimya katika safu yake, ikafanana na ndugu zake waliopatikana kwa haki. Jambo hili nalijua kwa sababu nimelitenda. Silielezi hapa ili nisifiwe kwa kutubu, bali kwa sababu wengi miongoni mwa vijana watakaosoma kurasa hizi watashika kazi za ufundi, uuguzi, uhasibu na ualimu, na katika kila kazi ya namna hiyo kuna daftari linalongojea tarakimu zao.

Nilizaliwa Voi, mtoto wa fundi baisikeli. Karakana ya baba yangu ilikuwa kivuli cha mwarobaini, sanduku moja la spana, na beseni la maji la kutafutia matundu ya mipira. Kila baisikeli aliyoitengeneza ilipita mikononi mwake mara ya pili kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Aligusa kila nati kwa vidole vyake, hata zile ambazo hakuzifungua siku hiyo. Jioni moja, nikiwa na haraka ya kwenda kucheza, nilimwuliza kwa nini alipenda kujichelewesha. Akanijibu, "Mwanangu, mwenye baisikeli hazijui nati zake. Ananijua mimi." Umri wangu ulikuwa miaka kumi, na maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea lile. Yalinirudia baada ya miaka kumi na miwili, usiku, mbali sana na Voi.

Baada ya shule nilipata msaada wa masomo, nikaenda Uingereza kusoma uhandisi wa umeme. Huko nilijiunga na wanafunzi wenzangu waliokuwa wakiunda pikipiki ya mbio. Pikipiki hiyo haikuwa na tangi la petroli wala bomba la moshi. Ilikwenda kwa nguvu ya umeme uliowekwa katika betri, na sauti yake ilikuwa kama ya cherehani inayoshona kwa haraka. Tuliiunda kwa ajili ya mashindano yaitwayo MotoStudent, ambayo huwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi nyingi katika uwanja wa mbio wa MotorLand, karibu na mji wa Alcañiz, Hispania. Waandalizi huzipa timu zote za umeme mota ya namna moja, hivyo mwenye fedha nyingi hawezi kununua mota iliyo bora kuliko ya mwenzake. Kiunzi, betri na mpangilio wa chombo kizima ni kazi ya wanafunzi wenyewe. Wala hukumu haitolewi kwa mbio peke yake. Kila timu hupeleka pia maandishi yanayoeleza jinsi chombo chake kilivyobuniwa, na jinsi kingeweza kutengenezwa kiwandani.

Watu wengi hudhani kwamba chombo cha magurudumu mawili kiendacho kwa umeme ni jambo la jana. Sivyo. Mwaka 1895 Mmarekani mmoja, Ogden Bolton, alipewa hati ya serikali ya kuulinda ubunifu wake wa baisikeli yenye mota ya umeme katika gurudumu la nyuma. Wazo lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni betri iliyo nyepesi na yenye nguvu. Miaka zaidi ya mia moja ilipita kabla ya upungufu huo kuanza kuondoka. Katika Kisiwa cha Man, baina ya Uingereza na Ireland, mashindano mashuhuri ya pikipiki yamekuwako tangu mwaka 1907. Mwaka 2009 mbio za pikipiki za umeme zilifanywa huko kwa mara ya kwanza, katika njia ya kilomita 60 ipitayo vijijini na mlimani. Mshindi, Rob Barber, alikwenda kwa wastani wa kilomita 140 kwa saa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, Michael Rutter aliizunguka njia ile ile kwa wastani wa kilomita 196 kwa saa. Na mwaka 2018 pikipiki iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Nottingham ilishika nafasi ya pili. Habari hiyo ilitufikia tukiwa karakanani, mikono yetu ikiwa na mafuta na gundi, nasi tukapiga makofi kama kwamba walioshinda walikuwa ndugu zetu wa tumbo moja.

Betri ndiyo iliyokuwa sehemu yangu, na betri ni mwalimu wa uwekevu. Yetu ilikuwa na seli 588, kila moja ndogo kama kidole gumba, na uzito wao wote ulikaribia kilo 28. Ukiujumlisha umeme wote uliokuwamo, ulizidi kidogo kilowati-saa 6. Linganisha hesabu hiyo na petroli: lita moja peke yake ina nguvu ya kadiri ya kilowati-saa 9. Maana yake ni kwamba mzigo ule mzito, uliotugharimu miezi mingi na fedha nyingi, ulibeba nguvu pungufu ya ile iliyomo katika chupa moja ya petroli. Kilichotuokoa ni kwamba mota ya umeme haina ubadhirifu. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya chakula chake kwa joto na moshi, lakini mota njema ya umeme hugeuza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chakula chake kuwa mwendo. Maskini anayejua kutumia humfikia tajiri asiyejua. Kwa hiyo kazi yetu yote ilikuwa hesabu. Tulihesabu uzito wa kila parafujo, upepo unaopiga kifua cha mpanda, na umeme unaotumika katika kila kona. Hapakuwa na tone la kutupa.

Hesabu nyingine ilikuwa nzito zaidi. Chombo chetu kilisifiwa kwa kuwa hakichafui hewa, na sifa hiyo ilikuwa ya kweli kilipokuwa njiani. Lakini mwalimu wetu alitutaka tuandike pia mahali ambapo vitu vyake vilitoka. Ndipo nilipojifunza kwamba sehemu kubwa ya kobalti inayotiwa katika betri za dunia huchimbwa Kongo, katika nchi ya Kolwezi na jirani zake, na kwamba wako watu huko wanaoichimba kwa mikono, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo. Wanafunzi wenzangu waliyasoma majina ya miji hiyo kama majina ya nyota za mbali. Mimi nilijua kwamba wachimbaji wale huitana kwa Kiswahili, na kwamba kama ningesimama juu ya shimo nikauliza habari za humo, ningejibiwa kwa lugha ya mama yangu. Tuliiandika habari hiyo katika kitabu cha mradi bila ya kuipamba. Nilijiona siku hiyo kuwa mtu mkweli sana. Mtu hujidanganya kwa urahisi akiwa amesema kweli juu ya mambo ya wengine.

Sasa nieleze kosa langu. Seli zile 588 zilipangwa katika mafungu 28, na mafungu hayo yaliunganishwa moja baada ya jingine kwa viungo 27 vya shaba vilivyokazwa kwa bolti. Umeme wote wa pikipiki ulipita katika kila kiungo, wakati mwingine ampea 200 kwa pamoja. Kiungo kilichokazwa vizuri huupitisha umeme kama mlango ulio wazi. Kiungo kilicholegea huuzuia, na umeme uliozuiwa hugeuka kuwa joto. Tena tatizo la kiungo kilicholegea ni kwamba hakibaki kama kilivyo: joto hukilegeza zaidi, na kulegea huongeza joto, mpaka seli za jirani zikaungua. Moto wa betri ya namna ile hauzimiki upesi, na aliye juu yake yuko mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kwa sababu hiyo kila kiungo kilikuwa na mstari wake katika daftari. Wajibu wangu ulikuwa kukikaza kwa spana ya kipimo, kukipima kwa chombo cha kupimia ukinzani, kuandika tarakimu iliyoonekana, na kutia sahihi.

Ilikuwa usiku wa mwisho kabla ya safari, baada ya saa nane. Gari letu lilikuwa liondoke alfajiri. Nilikuwa nimevipima viungo 24, na kila kimoja kilionyesha ukinzani wa karibu sehemu 80 za milioni ya omu. Vitatu vilivyobaki vilikuwa chini ya bamba la kupozea, na bamba lenyewe lilishikwa kwa parafujo kumi na mbili. Macho yangu yalikuwa yakifumba yenyewe. Nilijiambia kwamba viungo hivi ni ndugu wa vile, vimetoka katika shaba moja na vimefungwa na mkono mmoja. Nikaandika 78. Nikaandika 81. Nikaandika 80. Hata katika uongo niliona haya kuziandika zote sawa, nikazitofautisha kidogo ili zifanane na kweli. Kisha nikatia sahihi, nikaenda kulala, na usingizi ukanichukua mara moja.

Tulivuka Ufaransa kwa gari siku mbili tukaingia Hispania. Ilikuwa Oktoba 2018. Aragón ni nchi kavu yenye upepo, mashamba yake ni ya mizeituni, na udongo wake mwekundu ulinikumbusha Taita. Juu ya kilima cha Alcañiz iko ngome ya kale. Mji huo ni mji wa mbio: tangu mwaka 1965 mpaka 2003 magari na pikipiki zilishindana katika barabara zake zenyewe, na uwanja wa MotorLand ulifunguliwa mwaka 2009 ili mbio zipate mahali palipo salama zaidi. Tulipofika tulikuta vijana kutoka nchi nyingi wakisukuma pikipiki zao, kila kundi na bendera yake, na lugha zikichanganyika kama sokoni.

Wakaguzi walitupokea kwa adabu na ukali. Walipima breki, waya na kiunzi. Walipofika kwenye betri walilifungua daftari langu, wakapitisha kidole juu ya safu ya tarakimu 27, wakaridhika. Mmoja wao aliniambia kwamba ni daftari safi. Sijapata kusifiwa kwa neno lililoniuma kuliko hilo.

Jioni ile mpanda wetu alikuja na mke wake na mtoto wao mchanga. Hakuwa mwanafunzi, alikuwa mtu wa kazi aliyependa mbio, naye alijitolea kutupandia chombo chetu. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akaikalia, akaishika mikono yake. Hakuuliza habari za betri. Aliuliza tu ni nani aliyeifunga. Wenzangu wakanionyesha. Alinipa mkono, akasema, "Basi, vema," akaenda kula chakula na mkewe.

Usiku ule maneno ya baba yangu yalinirudia. Mwenye baisikeli hazijui nati zake, ananijua mimi. Nililala macho kodo ndani ya hema nikitafuta njia za kutoka. Nilijiambia kwamba pengine viungo vile vilikuwa vizima. Nilijiambia kwamba kesho asubuhi ndiyo saa ya kupimwa mwendo, ambapo timu hupangiwa nafasi za kuanzia, na kwamba kuifungua betri kungetupotezea saa hiyo. Nilijiambia kwamba wenzangu walikuwa wamefanya kazi kwa miezi kumi na minane, na kwamba haikuwa haki kuwaharibia kwa sababu ya wasiwasi wangu. Kila hoja ilivaa nguo ya upendo kwa wengine, na chini ya kila nguo nilikuwapo mimi, nikiogopa aibu.

Kabla ya mapambazuko nilimwamsha kiongozi wetu, msichana wa Wales, mpole wa sauti na mwepesi wa kuelewa. Nilimwambia kwamba tarakimu tatu katika daftari langu hazikupimwa. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilitazamia anikemee, na ingekuwa nafuu kwangu. Aliuliza neno moja tu: "Zipi?" Nikamtajia. Akavaa viatu vyake.

Betri haina usingizi. Pikipiki ya petroli ikizimwa imezimwa, lakini seli zilizokwisha unganishwa zina nguvu zao usiku na mchana, na volti mia moja haziwajui marafiki. Tulivaa glavu za mpira, tukaondoa parafujo kumi na mbili moja baada ya moja, tukainua bamba. Kiungo cha kwanza kilionyesha 83. Cha pili kilionyesha 79. Cha tatu kilionyesha 640. Nilikigusa kwa spana, na bolti yake ikazunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kushika.

Hakuna ajuaye kama kiungo kile kingevumilia mbio zote. Labda kingevumilia. Pikipiki nyingi zenye kasoro hufika mwisho, na ndiyo sababu kasoro nyingi hufanywa tena. Lakini niliisimamisha spana mkononi, nikamwona yule mtoto mchanga akiwa amelala juu ya bega la mama yake, nikakaa chini kwa kukosa nguvu za miguu.

Tulikaza, tukapima viungo vyote 27 upya, tukaandika ukurasa mpya. Kiongozi wetu hakuniruhusu kuuchana ule wa zamani. Aliupiga mstari mmoja ili uweze kusomeka, akaandika pembeni kwamba vipimo vitatu vilikuwa si vya kweli, nami nikatia sahihi chini ya maneno hayo. Wakaguzi walirudi wakakagua tena tangu mwanzo. Mpaka walipomaliza, saa ya kupimwa mwendo ilikuwa imepita, nasi tukapangiwa kuanza nyuma ya wote.

Niliwaambia wenzangu sababu mimi mwenyewe. Wengine walinyamaza, na mmoja aliondoka akapiga teke pipa la taka. Sikumlaumu. Mpanda wetu naye aliisikia habari. Alikuja mahali nilipokuwa nimesimama peke yangu, akaniuliza kama sasa vimepimwa vyote. Nikamwambia vimepimwa. Akaniuliza kama ninaweza kuweka mkono wangu juu ya betri na kusema hivyo. Nikauweka. Akavaa kofia yake ya chuma.

Mbio zenyewe zilikuwa fupi. Yeye aliyeanza mwisho aliwapita wachache, kisha mwendo wake ukatulia, kwa sababu hesabu ya umeme haikumruhusu kufanya papara. Alifika katikati ya kundi, betri ikiwa imebakiwa na sehemu ndogo sana ya akiba yake, karibu kama tulivyokadiria kwenye karatasi. Hatukupata kikombe. Mkewe alimpokea kwa kumpa mtoto, naye akamchukua kabla ya kuvua glavu.

Tuliporudi Uingereza nilitazamia kuondolewa katika kazi ya betri. Haikuwa hivyo. Kiongozi wetu alinirudishia daftari, akaongeza safu moja kando ya ile ya sahihi yangu: mahali pa sahihi ya mtu wa pili. Tangu siku hiyo hapakuwa na kiungo kilichopimwa na mtu mmoja peke yake. Nilielewa kwamba hakuwa akiniadhibu. Alikuwa amejua kwamba uchovu wa saa nane za usiku humpata kila mtu, mwema na mbaya, akaujengea ukuta.

Leo nimo Kenya, nafundisha vijana ufundi wa umeme. Pikipiki za umeme, ambazo nilipokuwa mtoto sikuziota, sasa zinapita mbele ya lango la chuo zikibeba abiria. Dereva akiishiwa umeme huingia katika kituo, huacha betri iliyochoka na kuchukua iliyojaa, akaendelea na kazi yake. Sehemu kubwa ya umeme huo ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, ya maji ya mito na ya upepo wa kaskazini, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kila betri inayobebwa chini ya abiria ina viungo ndani yake, na kila kiungo kina mtu aliyekifunga saa fulani, akiwa macho au akisinzia. Abiria hamjui. Dereva hamjui. Wanaamini tu.

Siku ya kwanza ya masomo humpa kila mwanafunzi daftari tupu na sharti moja. Nawaambia: mahali ambapo hukupima, acha wazi. Nafasi iliyo wazi si aibu. Nafasi iliyo wazi husema kweli, kwa kuwa humwambia anayekuja nyuma yako kwamba hapa bado kuna kazi. Tarakimu ya uongo humfungia mlango mtu huyo, humwambia apite, hapana neno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Nami naongeza kwamba anayeupaka ufa chokaa huwanyima hata wenziwe nafasi ya kuuziba.

Baba yangu angali hai, na mwarobaini ungali na kivuli. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho, kijana mmoja alileta pikipiki ya umeme iliyopasuka mpira wa nyuma. Mzee alisema mbele yake kwamba umeme haujui. Aliziba tundu, akarudisha gurudumu, kisha, kabla ya kuitoa, akainama akagusa nati zote kwa vidole vyake, hata zile ambazo hakuzifungua.